Ukishajua Alipo

Ukisimama Wete, kisiwani Pemba, ukaelekea kibla, umeelekea kaskazini. Si kaskazini ya kukadiria kwa mkono. Wete iko kwenye nyuzi 39.7 za longitudo, Makka kwenye 39.8, na tofauti hiyo ndogo mswala hauwezi kuionyesha wala jicho kuiona. Vijana wa madrasa mimi huwaambia kwamba sisi Wapemba tumepewa kibla cha bure: mwenye dira ya shilingi elfu tano anaswali sawa na mwenye mitambo.

Mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni hakupewa cha bure. Alikuwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo, na mnamo mwaka 1025 akamaliza kitabu ambacho sehemu kubwa ya jitihada yake ilikuwa kujua mji ule uko wapi hasa juu ya uso wa dunia, ili watu wake wakisimama kuswali waelekee panapostahiki. Latitudo aliipata kwa jua. Longitudo ilikuwa taabu, maana saa za kubeba mkononi hazikuwapo, kwa hivyo akaanzia Baghdad na kwenda mji hadi mji, akichukua umbali wa njia za misafara, akiukata kwa kuwa njia hupinda, akirekebisha, akikosoa waliomtangulia, mpaka akafika nyumbani kwake kwa hesabu. Kazi yote hiyo, ambayo leo tungeiita kukusanya data za kijiografia, ilifanywa kwa sababu ya ibada.

Nimeikumbuka sana habari ya al-Biruni tangu nilipostaafu. Yeye aliuliza: mimi niko wapi, nielekee wapi? Swali linalonikosesha usingizi mimi ni la upande wa pili. Nikishajua wewe uko wapi, nina wajibu gani kwako?

Kazi yangu ilikuwa upimaji ardhi. Niliingia enzi za mnyororo wa chuma na theodolaiti, na nikatoka wakati kijana anasimama na fimbo yenye kitu kama uyoga juu yake, anasubiri setilaiti zimwambie alipo. Watu hudhani mpima ni mtu wa hakika. Wallahi si kweli. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, na setilaiti zinatumia mwengine, WGS 84. Chukua jiwe moja la mpaka, bikoni iliyopigwa na watu ambao wengi wao wameshafariki, lisome kwenye daftari la zamani kisha ulitafute kwa simu bila ya kugeuza hesabu: utaambiwa limehama karibu mita 300. Umbali wa konde nzima, wakati jiwe limekaa palepale na mbuzi wamefungwa juu yake. Nilikuwa nikimweleza hayo mzee mmoja wa Kojani, mvuvi, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na Mwenyezi Mungu anatumia upi?"

Nilicheka. Lakini swali lile limebeba elimu. Namba ni ya kwetu sisi, tunaosahau na tunaohitaji kuandika. Mungu hahitaji namba kujua mtu alipo, na kujua Kwake hakutengani na kumruzuku anayemjua. Kwetu sisi vitu hivyo viwili vimetengana kabisa. Tunaweza kumjua mtu alipo kwa sentimita, tukaishia hapo.

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha upya kutoka angani, Unguja na Pemba, kwa droni. Kamisheni ya Ardhi ilikuwemo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa kuzirusha, na picha zilizotoka zilikuwa kali ajabu: sentimita 7 hivi ardhini kwa kila nukta ya picha. Kwa sisi tuliozoea picha za ndege za zamani, ambazo nyumba ilikuwa doa, ilikuwa kama kuvuliwa ukungu machoni. Nyingi ya picha hizo zikawekwa wazi mtandaoni kwa yeyote duniani anayezitaka.

Mpwa wangu alizihifadhi kwenye kompyuta yake akaja nazo kijijini, na jioni moja tukakaa barazani na sheha, mkuu wa shehia. Sheha huyu ana daftari la watu wake, jalada gumu, na bila ya daftari pia anawajua: nani kahamia kwa mkwewe, nani ana mgonjwa, mtoto gani karudi kutoka Dar es Salaam kimyakimya. Aliinamia kioo, akatafuta kidogo, kisha akaweka kidole juu ya kichwa cha kijani.

"Huu mshelisheli wangu."

"Ndiyo, Sheha," mpwa wangu akasema.

"Na huu hapa pembeni mkarafuu. Wa nani huu?"

Kijana akasema mpaka wa kiwanja unaonyesha uko ndani ya konde ya sheha, basi ni wa sheha. Mzee akatikisa kichwa. Konde ni yake, ila mkarafuu ni wa watoto wa shangazi yake. Ulipandwa na babu yao kwa idhini ya babu yake, na kila msimu wanakuja kuuchuma, na hakuna aliyewahi kugombana. Kisha akasogeza kidole hadi penye kichaka, kompyuta imepaandika kichaka, akanyamaza kidogo. "Hapa pana makaburi. Mawe yamezama, lakini yapo. Msije mkapitisha nguzo."

Msomaji wa bara pengine ataona ajabu mti kuwa wa huyu na ardhi ya yule. Kwetu ni jambo la zamani. Mapinduzi ya 1964 yakaifanya ardhi ya serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu, sheria ya 1992 ikaja kupanga haki za matumizi, na chini ya tabaka zote hizo bado kuna makubaliano ya mdomo ya watu waliolala kwenye hicho "kichaka". Picha ya sentimita 7 inaona kila jani na haioni hata haki moja. Silaumu picha. Nimewahi kusimama katikati ya ndugu wawili na mapanga yao, na laiti ningekuwa na picha ile siku ile, nusu ya ugomvi ingekwisha. Nusu nyengine ingebaki kwa sheha.

Kuna jambo jengine wanawake wa pale walilisema kabla ya wanaume hawajalifikiria. Nyumba zetu zina ua. Makuti yanazungushwa ili mwanamke apike, aoshe nywele, akae kwa raha zake bila ya kuonwa na mpita njia. Ule ua unazuia jicho la jirani. La juu hauzuii. Sentimita 7 hazionyeshi sura ya mtu, hilo nililihakikisha mwenyewe kwenye kioo, lakini kanga zilizoanikwa zinaonekana, na bibi mmoja akauliza kwa nini hawakuambiwa wazianue. Qurani imekataza upelelezi, kuchungulia mambo ya watu, katika sura hiyohiyo inayokataza kusengenyana, Sura ya Al-Hujurat. Sasa je, kuipiga picha shehia nzima kutoka juu si kuchungulia?

Nimelifikiria hili muda mrefu, na jawabu langu ni kwamba kitendo chenyewe hakitoshi kutoa hukumu. Dakta anaangalia mwili wa mgonjwa na hatukusema ni haramu, kwa sababu kuangalia kwake kuna kazi. Akiangalia kisha akaondoka bila ya kutibu, hapo ndipo tutamuuliza alikuwa akiangalia nini. Kinachoitenga huduma na uchunguliaji ni kinachofuata. Na hapo ndipo ramani inapokutana na mtandao, maana kwa miaka hii kumi tumeonwa sana, ila kufikiwa kumekuja kwa mwendo wa kobe.

Wanavyuoni wetu wamegawa faradhi mafungu mawili. Iko faradhi ya kila mtu, kama swala. Na iko faradhi ya kutosheleza, fardhi kifaya: ikifanywa na baadhi, wengine wamesalimika, isipofanywa na yeyote, dhambi inawagusa wote. Kuzika maiti ndiyo mfano anaoujua kila mtoto. Imamu al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, akaupanua mlango wake: akatia humo tiba na hesabu, kisha kilimo, ufumaji na ushonaji, kwa hoja kwamba mji hauwezi kusimama bila ya vitu hivyo. Akawakemea pia watu wa zama zake kwamba wanasongamana kusoma fikihi huku miji mingine haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Huyu ni mtu aliyefariki mwaka 1111. Sitaki kumtia maneno mdomoni, lakini aliyeweka ushonaji katika faradhi za mji sidhani angestaajabu kuulizwa juu ya mkongo wa intaneti.

Rafiki yangu mmoja, maalim wa madrasa, hakubaliani na mimi. Yeye anasema mtandao ni anasa, tena anasa yenye fitna. Anahesabu ndoa zilizovunjika kwa simu na vijana wanaokesha wakitazama upuuzi. Simpingi katika fitna. Ila nikamwambia: Maalim, wewe mwenyewe mwanao aliposoma matokeo yake ya kidato cha nne, aliyasoma wapi? Akanijibu kwamba aliyasoma Chake Chake, alipanda gari ya asubuhi. Vipi wa jirani asiye na nauli?

Usuli wa fikihi una kanuni inayojulikana: jambo la wajibu lisipotimia ila kwa jambo jengine, hilo jengine nalo linakuwa wajibu. Mkongo wenyewe, waya wa kioo ndani ya bomba la plastiki, hauna hukumu. Lakini kumfikia mjamzito wa bondeni ni wajibu, kumpa mtoto elimu ni wajibu, kumlipa mkulima haki yake kwa wakati ni wajibu. Ikiwa serikali na hospitali na bodi ya mikopo zimeshahamisha milango yao ndani ya mtandao, basi aliyebaki nje ya mtandao amefungiwa mlango, na aliyeuhamisha mlango ndiye anayedaiwa njia. Hapo nilimwona Maalim anakuna ndevu.

Habari ya njia yenyewe ni ndefu na nitaipita haraka. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo karibu mawasiliano yetu yote ya nje yalikuwa ya setilaiti, ghali na ya kusuasua. Serikali ikajenga mkongo wa taifa kupeleka mikoani, Zanzibar ikajenga wake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ya baharini ikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahema. Mjini watu walilalamika siku hiyo. Kule kijijini kwa sheha, bondeni, hakuna aliyejua kama kuna kilichotokea.

Ninachotaka kukaa nacho ni kitu kidogo zaidi kuliko mkongo wa bahari, nacho ni rangi. Kila kampuni ya simu ina ramani ya maeneo inayoyafikia, imepakwa rangi: hapa mawimbi mazuri, hapa ya wastani. Mipango ya nchi inasoma ramani za namna hii. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kutoa ruzuku minara ijengwe pale ambapo biashara haiwezi kupeleka, unahitaji kujua wapi hapana mawimbi kabla ya kujua ruzuku iende wapi. Rangi ikikosea, fedha inakwenda kwengine.

Na rangi inatoka wapi? Si kwamba mtu alitembea kila konde na simu mkononi. Ni hesabu. Unachukua urefu wa mnara, nguvu ya mtambo na umbo la ardhi, kompyuta inakisia mawimbi yatafika wapi. Umbo la ardhi mara nyingi linatokana na kazi ya chombo cha angani cha Marekani, Endeavour, kilichoizunguka dunia kwa siku 11 mwezi wa Februari mwaka 2000 kikipima milima kwa rada. Kazi tukufu ile, na wameigawa bure kwa walimwengu. Lakini kipande chake kidogo kabisa ni mraba wa mita 30 kwa 30, na rada yake haikuteremka hadi udongoni penye miti mingi. Ilirudi kutoka kwenye vilele vya miti. Sasa njoo Pemba. Kisiwa hiki ni vilima na mabonde yaliyobanana, juu mikarafuu na minazi, chini mpunga. Bonde jembamba, lenye minazi kandokando, likitiwa kwenye mraba wa mita 30 linajaa. Kompyuta inaona mgongo wa kijani uliotulia. Mawimbi yanapita juu vizuri, ramani inapakwa rangi, na anayeishi chini anahesabiwa kuwa amefikiwa.

Nilipoiona ramani ya namna hiyo mara ya kwanza, bonde la sheha likiwa limepakwa rangi nzuri kabisa, nilikumbuka mahakama ya kadhi. Shahidi akisimama, huulizwa: uliliona mwenyewe? Ramani ya rangi haikuona kitu. Imekisia, na kukisia si dhambi, sote tunakisia. Dhambi inaanza pale makisio yanapovishwa nguo ya ushahidi na mtu mwenye madaraka akayakubali kwa kuwa yanampunguzia kazi. Ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, na siioni sababu ya kuupunguzia uzito kwa kuwa umetolewa na kompyuta. Kuna mtu aliyeiwasha.

Mchana mmoja nilifuatana na mhudumu wa afya wa jamii katika bonde hilo. Mwanamke wa makamo, viatu vya plastiki, simu ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Anamwingia mjamzito, anamuuliza maswali yaliyomo kwenye simu, kuumwa kichwa, kuvimba miguu, anabonyeza majibu. Simu inayahifadhi, haihitaji mtandao wakati ule. Akimaliza nyumba zake anapanda kilima hadi uwanja wa msikiti, anainua mkono, anasubiri zile taarifa zipande. Akaniambia, "Babu, mpaka hapa mimi ndiye ninayejua peke yangu." Kisha mshale wa kijani ukatokea, akashusha mkono. "Sasa na wao wanajua."

Sijasikia fatwa iliyolieleza jambo hili kwa ufupi zaidi. Toka bondeni hadi uwanja wa msikiti mzigo ni wake. Toka uwanja wa msikiti na kuendelea mzigo ni wa kila ofisi ambayo mshale ule wa kijani umeigonga. Elimu ni hoja ya kumtetea mtu au ya kumshitaki. Hayo tumefundishwa tangu chuoni, na sioni kwa nini yawahusu wanavyuoni peke yao na yasiwahusu mkurugenzi, mhandisi, na sisi wapimaji. Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, majengo yakaorodheshwa, na Zanzibar ikahesabiwa watu 1,889,773. Mtu wa mwisho katika namba hiyo, yule wa tatu baada ya sabini, ana mahali. Mahali pake panajulikana. Zamani kiongozi aliyemkosa mtu wa kijiji cha mbali aliweza kusema mbele ya Mola wake, sikumjua. Ulikuwa udhuru mwembamba, lakini ulikuwa udhuru.

Watu wa biashara wana hoja yao na si ya kupuuzwa. Mnara unataka umeme, ulinzi, na wateja. Bonde lenye kaya chache halirudishi gharama. Ni kweli halirudishi. Wala kuzika maiti hakurudishi gharama, na hatujawahi kuiacha maiti ya maskini kwa kuwa sanda ni ghali, tunachangishana. Ruzuku ndiyo mchango wetu wa sanda, na swali lililobaki ni nani atakayesimama kusema kwa usahihi maiti iko nyumba gani.

Maalim ndiye aliyeligeuza hili kuwa kazi. Baada ya mabishano yote yale alisema kama ramani ni shahidi wa uongo, basi dawa yake ni mashahidi waliotembea. Tukawakusanya vijana wa madrasa, wavulana kwa wasichana, kila mmoja na simu ya nyumbani kwao. Mpwa wangu akawafundisha pa kuangalia nguvu ya mawimbi: simu huiandika kwa namba yenye alama ya kutoa mbele, 80 na kitu mambo ni mazuri, ukifika 115 hata ujumbe mfupi unasita. Wakatembea kaya hadi kaya, wakaandika namba na mahali, mlangoni na ndani ya ua kwa idhini ya wenyewe. Yule bibi wa kanga safari hii aliambiwa mapema, na akawapa muhogo. Namba za bondeni zilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani, na tulizitia kwenye ramani ileile ya droni, juu ya kila paa rangi yake.

Sheha akaandika barua, tukaambatanisha ramani, tukaipeleka ofisini kwa mkono, nakala mbili. Karani akaisoma kichwa chake, akasema majibu yatakuja. Sheha akamwambia majibu hatuna haraka nayo, anachotaka ni muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, juu ya nakala yake. Karani akasita, akaugonga. Njiani Maalim akaomba nakala ile ikawekwe kabatini msikitini, pamoja na misahafu. Sheha akakataa. Paa la msikiti linavuja, alisema, na hiyo karatasi itahitajika.